Barua ya wazi kwa Bodi na Mkurugenzi Mtendaji kuhusu marufuku ya kusafiri na familia kikazi

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: WARAKA UNAOMKATAZA MTUMISHI KUAMBATANA NA FAMILIA YAKE KATIKA SAFARI YA KIKAZI

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mkaguzi wa ndani katika taasisi mnayoiongoza, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Barua yangu ya kwanza ilikwenda kwa msimamizi wangu, akanijibu kwa mdomo kwamba jambo hilo limemzidi kimo. Ya pili niliipeleka Idara ya Rasilimali Watu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa na kuahidiwa kwamba inafanyiwa kazi. Ya tatu ilikuja ofisini kwako, Ndugu Mkurugenzi, na baada ya miezi minne nikapata jibu la sentensi mbili: kwamba waraka uko wazi, na kwamba mtumishi anayeona masharti hayamfai yuko huru kuchukua hatua anayoiona inafaa. Hatua niliyoiona inafaa ni hii.

Jina la taasisi silitaji, wala sitataja jina la mtumishi yeyote. Wanaohusika wataitambua barua hii kwa mistari yake ya mwanzo, na wasiohusika huenda wakaukuta waraka wa namna hii kwenye makabati ya ofisi zao wenyewe.

Waraka una kurasa sita, na ibara moja tu ndiyo iliyonileta hapa. Inasema kwamba mtumishi aliye safarini kikazi hataruhusiwa kuambatana na mwenza, mtoto au ndugu, "kwa gharama ya yeyote", katika muda wote wa safari. Ninaomba mzingatie hayo maneno manne. Kama ibara ingeishia kukataza fedha za taasisi kulipia nauli ya mume wangu au chakula cha mwanangu, ningekuwa wa kwanza kuitetea, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kukamata matumizi ya aina hiyo. Ibara hii, hata hivyo, inakataza hata pale ambapo kila senti imetoka mfukoni mwangu, na hata baada ya saa za kazi kwisha. Taasisi imenunua mchana wangu kwa mkataba tuliousaini pande zote mbili; usiku wangu sikumbuki kuuuza.

Yaliyonipata ni haya. Mwaka jana nilirudi kazini likizo ya uzazi ilipokwisha, na mtoto alipotimiza miezi mitano nilipangiwa ukaguzi wa siku 12 katika kituo cha mbali. Sikuomba kuondolewa kwenye ratiba. Nilimwomba mdogo wangu anisindikize ili amshike mtoto mchana, nikamlipia nauli mwenyewe, na yote hayo nikayaandika kwenye fomu ya kibali cha safari, ambayo ilirudi mikononi mwangu ikiwa na saini na haina swali hata moja. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni ya taasisi, karani wa mapokezi aliandika 3 kwenye safu ya idadi ya wageni. Kisha simu ikalia. Alipoikata alichukua kalamu nyekundu, akaipiga mstari ile 3, akaandika 1 pembeni yake, na bila kuniangalia usoni akasema, "Samahani sana dada, hawa wawili hawataruhusiwa kulala hapa." Chumba nilichopewa kilikuwa na vitanda viwili.

Mdogo wangu na mtoto wakahamia nyumba ya kulala wageni iliyo mtaa wa pili. Jioni nilikaa nao hadi mtoto alale, nikarudi chumbani kwangu, nikaamka saa saba usiku kwenda kumnyonyesha, nikarudi, nikaenda tena saa kumi alfajiri. Mlinzi wa getini, mzee mmoja mpole, alinimulikia tochi kwenye daftari nisaini kila nilipotoka, na siku ya tatu akaanza kunisindikiza hadi kwenye kona. Mwezi mmoja baadaye daftari hilo likageuka ushahidi. Barua ya kunitaka nijieleze ilidai kwamba nilitoka kituoni usiku mara 21 bila idhini. Nimezihesabu saini zangu mwenyewe, na nakiri kwamba hesabu yao ni sahihi. Zingekuwa 22, lakini usiku wa saba mtoto alilala moja kwa moja hadi alfajiri.

Ripoti ya ukaguzi niliikabidhi siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Katika barua yote ile ya kunitaka nijieleze hakuna mstari unaosema kwamba kazi iliharibika, ilichelewa au ilipungua ubora. Hata hivyo onyo la maandishi limewekwa kwenye jalada langu, na nusu ya posho yangu ya kujikimu ikakatwa kwenye mshahara.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Waraka unatawala saa ambazo taasisi haizilipi. Posho ya kujikimu hutolewa kwa kiwango kimoja kwa siku, awe mtumishi amelala hotelini, amelala kwa shemeji yake au amekesha stendi. Tunao wenzetu, nao hawana kosa, ambao wakipangiwa safari kwenye mji wenye ndugu zao hulala kwa ndugu hao na posho yote ikabaki mfukoni, na sijawahi kuona hoja ya ukaguzi juu yao. Kwa hiyo taasisi imekwisha kukubali kwamba mtumishi analala wapi na anakula na nani ni mambo yake. Inakuwaje basi kumfuata ndugu kwake ni ruhusa, na ndugu kunifuata mimi ni kosa la nidhamu?

2. Mama anayenyonyesha amewekwa mahali pasipo na njia. Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu nimegundua kwamba walioandika ibara hii hawakuwa na mtu wa kuwaeleza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Miezi 6 ni kama wiki 26. Hata mwajiri anayetimiza kiwango hicho cha kimataifa bila kupunguza siku anabakiza wiki 12 ambazo mtoto anategemea titi peke yake na mama yuko kazini. Ndiyo maana ibara ya 10 ya mkataba huo huo inampa mama haki ya mapumziko ya kunyonyesha kila siku, au kupunguziwa saa za kazi, na muda huo kuhesabiwa kuwa wa kazi wenye malipo. Najua mikataba huifunga nchi iliyoiridhia na haimfungi mkurugenzi mmoja mmoja. Lakini taasisi yetu inatoa mapumziko hayo makao makuu, na kuna chumba chake kabisa chenye pazia na kiti. Haki inayopatikana ghorofa ya pili haiwezi kuyeyuka kwa kuwa mama amepanda basi la taasisi.

Niliambiwa kwamba ningekamua maziwa nikayaacha nyumbani. Aliyeniambia ana watoto wanne, na nadhani hajawahi kumuuliza mama yao. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba, na siku 4 hivi kwenye friji ya kawaida. Safari yangu ilikuwa ya siku 12. Ya kugandisha hudumu kwa miezi, ila kuweka akiba ya siku 12 kunahitaji wiki nyingi za kukamua zaidi ya anachonyonya mtoto, na mimi ratiba ya safari niliipata siku 9 kabla ya kuondoka. Zaidi ya hapo, mwili hutengeneza maziwa kadiri yanavyotoka. Titi lisiponyonywa wala kukamuliwa hujaa, huuma, linaweza kuvimba na kuleta homa, na baada ya siku kadhaa maziwa yenyewe hupungua. Mama anayemwacha mtoto wa miezi mitano kwa siku 12 anaweza kurudi na kukuta kwamba hana tena cha kumpa. Hilo ndilo lililokuwa mezani siku karani alipoikata ile 3, na ndilo lililonitoa kitandani saa saba usiku.

3. Ibara haiwahusu wote. Aya inayofuata inawaondoa wakurugenzi na walio juu yao, "kwa sababu za itifaki", na kwao wao taasisi ndiyo inayolipia mwenza. Hati za malipo nimezipitia kwa mujibu wa wajibu wangu, na siri ya kazi hainiruhusu kuzieleza hapa. Nashikamana na aya yenyewe, ambayo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mtu aisome. Sipingi kwamba zipo ziara rasmi ambazo mwenza wa kiongozi huwa amealikwa kwa jina. Ninachouliza ni kwa nini mwenza anayelipiwa na taasisi ni itifaki, na mtoto anayelipiwa na mama yake ni ukiukwaji.

4. Kibali kilitolewa, kisha nikaadhibiwa kwa kukitumia. Fomu yangu ilisainiwa na watu wawili. Kama walikosea, kosa ni lao na la utaratibu uliowapa kalamu.

5. Wanaoumia si akina mama peke yao. Nina mwenzangu katika idara yetu, mwanamume, anayeishi na mama yake mzazi aliyepooza upande mmoja, na hana wa kumwachia kwa wiki tatu. Alipendekeza kusafiri naye na kumpangishia chumba kwa fedha zake, akakataliwa. Akaomba kupunguziwa safari, akaambiwa safari ni sehemu ya kazi. Sasa anatafuta kazi kwingine, na tutampoteza mtu anayeijua mifumo yetu ya hesabu kuliko yeyote. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unawazungumzia watu wa namna yake, wanaume na wanawake wenye majukumu ya familia, na unataka waweze kufanya kazi bila kubaguliwa na, kwa kadiri inavyowezekana, bila kazi na majukumu hayo kugongana. Mimi mwenyewe mwaka jana nililala nje ya kwangu usiku 96, yaani zaidi ya robo ya mwaka. Anayesafiri mara moja kwa mwaka anaweza kuvumilia, lakini kwa sisi wakaguzi safari ndiyo maisha yenyewe.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengi nimekwisha kupewa.

Mtasema ni gharama. Hili ni eneo langu, kwa hiyo niruhusuni nilijibu kama mkaguzi. Kutenganisha gharama za mtumishi na za familia ni hesabu rahisi ambayo wengine walikwisha kuifanya zamani. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni za kodi zinasema kwamba anayesafiri kibiashara na mwenza asiye na shughuli ya kikazi katika safari hiyo hawezi kuondoa gharama za mwenza kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini za kwake anaruhusiwa, na kwa upande wa chumba anahesabu bei ambayo angelipa kama angelala peke yake. Taasisi ilipe chumba cha mtu mmoja, tofauti ikiwepo ilipwe na mtumishi, na risiti mbili ziwekwe kwenye marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha alizotangulizwa kwa safari. Siku nitakapokuta risiti zimechanganywa, nitaandika hoja mimi mwenyewe, na sitamwonea mtu haya.

Mtasema familia humwondolea mtumishi umakini. Hapa ninakiri kwamba kuna mifano. Sote tunamjua yule aliyeondoka kwenye kikao cha majumuisho ili aende kuogelea na wanawe, na aliadhibiwa kwa haki. Lakini wapo pia walioondoka kwenye vikao kwa sababu ya pombe, bila mke wala mtoto kuwa karibu, na hakuna waraka uliotolewa kukataza baa. Utoro una adhabu yake kwenye kanuni za utumishi. Kinachotakiwa ni kuitumia. Kwa upande wangu, umakini uliniponyoka pale nilipokuwa naingia kwenye kikao cha saa mbili asubuhi baada ya kutembea barabarani mara mbili usiku uleule.

Mtasema ni dhima na bima: mtoto akiugua au ajali ikitokea, nani atawajibika? Ni swali la haki, na katika sababu zote ndilo pekee lililonifanya nifikiri mara mbili. Jibu langu ni kwamba familia isipande gari la taasisi bila idhini ya maandishi, mtumishi aonyeshe bima ya wasafiri wake kabla ya safari ya nje, na asaini hati kwamba taasisi haibebi dhima juu yao. Bila hayo kibali kisitolewe. Hakuna mtumishi mwenye akili timamu atakayelalamika.

Mtasema, mwisho, kwamba inashusha hadhi ya taasisi. Septemba 2018 Jacinda Ardern, aliyekuwa waziri mkuu wa New Zealand, alikwenda New York kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na binti yake wa miezi 3, na mwenza wake alimbeba mtoto ndani ya ukumbi wakati mama akihutubia. Gharama za safari za mwenza huyo walizilipa wenyewe, kwa kuwa alikwenda kumlea mtoto. Sikusikia kwamba hadhi ya nchi yake ilishuka. Yapo ya upande wa pili: Agosti 2019 mbunge Zuleika Hassan aliamriwa kutoka katika ukumbi wa Bunge la Kenya kwa kuingia na mtoto wake wa miezi 5, na kwa maoni yangu wa kulaumiwa hawakuwa yeye wala mtoto. Tena mimi ninaomba kilicho kidogo kuliko vyote hivyo viwili. Siombi mtoto aingie kwenye chumba cha ukaguzi. Ninaomba alale nilipolala.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu na kwa msimamo, ninawaomba yafuatayo:

(a) Maneno "kwa gharama ya yeyote" yaondolewe kwenye ibara, ili marufuku ibaki kwenye fedha za taasisi.

(b) Mama mwenye mtoto asiyezidi miaka 2 aruhusiwe kusafiri na mtoto na mlezi mmoja, walale naye chumba kimoja katika nyumba za wageni za taasisi pale nafasi inapokuwepo, na mapumziko ya kunyonyesha yamfuate popote anapotumwa. Asiyetaka kusafiri katika miezi 6 ya mwanzo asilazimishwe, wala asiandikwe kwamba amekataa kazi.

(c) Ratiba za safari zinazozidi siku 5 zitolewe walau mwezi mmoja kabla, isipokuwa kwa dharura iliyoelezwa kwa maandishi.

(d) Kwa safari za nje, Idara ya Rasilimali Watu itoe barua ya kuthibitisha tarehe na madhumuni ya safari pale mtumishi anapoihitaji kwa ajili ya viza ya mtoto. Ni barua ya aya moja, na mwaka huu wenzangu wawili wamenyimwa.

(e) Aya ya itifaki iandikwe upya, ionyeshe wazi ni ziara zipi, kwa mwaliko gani na kwa idhini ya nani.

(f) Onyo lililo kwenye jalada langu lifutwe na posho iliyokatwa irudishwe, kwa kuwa safari ile ilikuwa na kibali.

Ninaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Nakala ya barua hii nimempa mwakilishi wa wafanyakazi.

Safari yangu ijayo ni ya siku 16, na fomu ya kibali nimeiwasilisha Jumatatu hii. Kwenye mstari wa wanaoandamana na mtumishi nimeandika majina mawili, kama nilivyofanya mara ya kwanza, na nimeambatanisha uthibitisho wa malipo ya nauli zao. Iko mezani kwenu ikisubiri saini au sababu.

Wenu katika utumishi,

Mkaguzi wa Ndani